Uingereza: Kikantoni chahamia darasa la Jumamosi

Kwa familia nyingi zilizohamia Uingereza kutoka Hong Kong, kumwandikisha mtoto katika shule ya Kikantoni ya mwishoni mwa wiki kumekuwa jambo la dharura kuliko zilivyodhani wakati zikifungasha mizigo. Huko zilikotoka, lugha hiyo haikuhitaji shule ya kuihifadhi. Ilisikika sokoni, ndani ya basi, redioni, hata katika Baraza la Kutunga Sheria. Mjini Manchester au Reading imebaki jikoni, na hata huko inashindana na Kiingereza cha shuleni.

Wimbi hili lilianza baada ya China kuiwekea Hong Kong Sheria ya Usalama wa Taifa, Juni 30, 2020. Miezi saba baadaye, Januari 31, 2021, London ilifungua njia maalumu ya viza kwa wenye hadhi ya uraia wa Uingereza wa ng'ambo, waliyoipata kabla koloni hilo halijarejeshwa kwa China mwaka 1997. Zaidi ya watu 150,000 wamekwishawasili kwa njia hiyo. Viza inamruhusu mhusika kuomba makaazi ya kudumu baada ya miaka mitano, hivyo waliotangulia wanatimiza muda huo mwaka 2026. Miaka mitano inatosha kabisa kwa mtoto mdogo kuanza kumjibu bibi yake kwa Kiingereza.

Shule zenyewe si mpya. Wahamiaji wa miaka ya 1950 na 1960 kutoka vijiji vya Hong Kong, wengi wao wakifanya kazi migahawani, ndio walioanzisha madarasa ya Jumamosi na Jumapili kwa ajili ya watoto wao. Baadaye upepo ulibadilika. Kadiri uchumi wa China ulivyopanda, wazazi wengi waliona Kimandarini, lugha rasmi ya Beijing na ndiyo inayofundishwa pia katika Taasisi za Confucius za Nairobi na Dar es Salaam, kuwa ndiyo yenye ajira. Serikali nayo ilielemea upande huo: mwaka 2016 ilianzisha mpango wa Kimandarini katika shule za sekondari za England, ukilenga wanafunzi 5,000. Kikantoni hakikupata mpango wa aina hiyo.

Beijing hukiita Kikantoni lahaja. Tamko hilo ni la kisiasa zaidi kuliko la kiisimu, maana mzungumzaji wa Kimandarini asiyejifunza Kikantoni haelewi mazungumzo yake. Kikantoni kina toni sita, Kimandarini nne. Silabi "si" pekee, kwa kupandisha na kushusha sauti, huweza kumaanisha shairi, historia, kujaribu, wakati, soko au jambo.

Mgogoro mkubwa zaidi, hata hivyo, uko ndani ya darasa. Nyumbani mtoto husema "m hai" kwa maana ya "sivyo". Kitabuni hukuta maneno mengine ya Kichina sanifu, ambayo husomwa kwa matamshi ya Kikantoni, "bat si". Anajifunza, kwa kweli, lugha mbili kwa jina moja, tena kwa saa mbili au tatu za wiki. Mtihani wa taifa wa Kichina wa GCSE unamruhusu mtahiniwa kuzungumza Kikantoni, lakini maandishi hubaki sanifu. Mzazi anayetaka mwanawe azungumze na babu na bibi, na yule anayetaka cheti, hukaa darasa moja bila kutaka kitu kimoja.

Juu ya hayo kuna siasa. Mwaka 2010 wakaazi wa Guangzhou waliandamana kupinga pendekezo la kuhamishia matangazo ya televisheni ya mji huo kwenye Kimandarini. Agosti 2023, kundi moja la kutetea Kikantoni mjini Hong Kong lilijivunja baada ya polisi wa usalama wa taifa kufika nyumbani kwa familia ya mwanzilishi wake, chanzo kikiwa hadithi ya kubuni iliyochapishwa kwenye tovuti ya kundi hilo. Ndiyo maana baadhi ya wazazi walioko Uingereza wanauona uandikishaji huu kuwa zaidi ya masomo ya ziada, japo ni mzigo mzito kumtwisha mtoto wa miaka minane ambaye wenzake wako uwanjani.

Saa hizo chache haziwezi kuziba pengo la nyumba isiyozungumza. Zinachoweza kumpa mtoto ni wenzake wa rika lake wanaokisema Kikantoni, jambo ambalo mzazi peke yake hana namna ya kulitoa.

Jimbo la Ontario nchini Canada lina utaratibu mwingine. Wazazi wa wanafunzi 25 wakiomba kwa maandishi, bodi ya shule hulazimika kufungua darasa la lugha yao, lisilozidi saa mbili na nusu kwa wiki. England haina sharti kama hilo, na kodi ya ukumbi wa Jumamosi mara nyingi hutoka kwenye ada za wazazi wenyewe.