Chuma Kikuukuu na Mkono wa Fundi

Habari ya gari moja imekuwa ikirudi barazani kwetu tangu ilipotangazwa mwezi wa Mei 2022, na kila ikirudi, kahawa hupoa vikombeni. Gari lenyewe ni Mercedes la mwaka 1955. Ya aina yake yaliundwa mawili tu. Moja liliuzwa mnadani huko Stuttgart, Ujerumani, kwa euro milioni 135, bei ambayo hapo kabla haikupata kutolewa kwa gari lolote duniani.

"Hiyo ni israfu, mwanangu," mzee mmoja aliniambia, akiweka kikombe chini. "Watu wanalala na njaa, na mwenzao ananunua gari asiloweza hata kwenda nalo sokoni."

Sikumpinga. Mzee hapingwi kwa pupa, na isitoshe alikuwa na haki ya kusema. Lakini usiku ule nilikumbuka chuoni, ambako maalimu wetu alitutenganishia maneno mawili. Israfu, alisema, ni kupita kiasi katika jambo la halali. Ubadhirifu ni kumwaga mali pasipostahiki kabisa. Na katika yote mawili, kabla ya kuhukumu, uliza kwanza: mali ile imenunua nini?

Basi na tuulize. Mwenye kuuza gari lile, ambaye ni kampuni yenyewe iliyoliunda, alitangaza kuwa fedha zitaanzisha mfuko wa kuwasomesha vijana. Hilo ni jema. Mwenye kununua alipata chuma cha kutazama na jina la kujivunia. Huyo shauri lake na Mola wake. Ila si wote wanaopenda vyuma vya kale walio namna hiyo. Yuko anayenunua, na yuko anayefufua. Huyu wa pili ndiye ninayetaka tumtazame vizuri.

Chukua mfano wa ndege moja huko Uingereza iitwayo Vulcan, namba yake XH558. Ndege za aina hiyo ziliundwa kubeba mabomu ya nyuklia, na hii iliruka mara ya kwanza mwaka 1960. Jeshi la Anga lilipoiacha mwaka 1993, ilichukuliwa na watu binafsi, ikakaa chini miaka 14. Wapenzi wake wakaungana, wakachangisha, wakaifungua nati baada ya nati. Mfuko wa bahati nasibu ya taifa lao ukawapa pauni milioni 2.7. Kwetu sisi bahati nasibu ni kamari, na hukumu yake twaijua. Wengi wa waliobaki walikuwa watu wa kawaida, wastaafu na wafanyakazi, wakitoa walichonacho. Zaidi ya pauni milioni 6 zilikwisha kabla ndege haijaondoka ardhini. Tarehe 18 Oktoba 2007 ikapaa.

Ikawa sasa kazi ni kuitunza hewani. Mwezi wa Mei 2012, ikijiandaa kuruka, injini yake moja ilivuta vifuko vya dawa ya kunyonya unyevunyevu vilivyosahauliwa mdomoni mwake. Mabaki yakaingia katika injini ya pili iliyo ubavuni, na zote mbili zikaharibika. Vifuko vya kutia mkononi, injini mbili zimekwenda! Na injini za aina ile haziundwi tena. Kila iliyoharibika ni moja iliyopungua katika dunia nzima. Walitia nyingine walizokuwa wameziweka akiba, wakaendelea.

Lakini tarehe 28 Oktoba 2015 ndege ile iliruka mara ya mwisho. Kilichoishusha nini? Wengi watasema ni fedha. Sivyo. Sheria za usalama zilitaka kampuni zenye ujuzi wa ndege ile zisimame nyuma yake na kuidhamini, na kampuni hizo tatu zilijitoa. Wahandisi waliokuwa wakiijua walikuwa wamezeeka na kustaafu, na wa kushika nafasi zao hawakutosha. Ndege ilikuwapo na mapenzi ya watu yalikuwapo. Uliokosekana ni mkono wenye kujua.

Hapo ndipo kiini cha mambo. Chuma hungoja. Ukikifunika na kukipaka mafuta, kitakaa miaka 100. Mtu hangoji.

Waingereza hao hao wana ushahidi mwingine. Mwaka 1990 baadhi yao waliazimia kuunda upya garimoshi la aina ambayo yote 49 ya asili yalikuwa yamevunjwa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Wakawa wanatoa kidogo kidogo kila mwezi, mfano wa watu wanaocheza mchezo wa kupeana, kwa muda wa miaka 18. Mwaka 2008 garimoshi lao, waliloliita Tornado, likawashwa moto. Gharama yake ilifika kiasi cha pauni milioni 3. Sasa sikiliza la ajabu: bwela lake, yaani tangi la kuchemshia maji, lilikwenda kutengenezwa katika mji wa Meiningen, Ujerumani. Kwa Waingereza hapakuwa tena na karakana ya kuifanya kazi kubwa namna ile. Taifa lililoipa dunia garimoshi, ndani ya umri wa mtu mmoja, lilikuwa limesahau namna ya kuunda tumbo lake!

Sisemi kwamba kila anayefufua ana haki. Kuna wanaofufua kwa ajili ya tamasha, na tamasha lina damu yake. Mwezi wa Oktoba 2019, huko Connecticut, Marekani, ndege ya Vita Vikuu vya Pili iliyokuwa ikichukua abiria wa kulipa ilianguka, wakafa watu saba. Mwezi wa Novemba 2022, mjini Dallas, ndege mbili za vita hivyo ziligongana hewani mbele ya watazamaji, wakafa sita. Nafsi ya mtu haifidiwi kwa furaha ya umati. Hapo mzee wetu wa barazani akisema israfu, nitamwongezea neno zito zaidi.

Lakini tusicheke jirani kwa paa linalovuja ilhali letu halina makuti. Sisi wa Mombasa tuliozaliwa miaka ya 1970 tuliwahi kuona mwisho wa magarimoshi makubwa ya Garratt, yale ya daraja la 59. Marehemu baba alikuwa akinishika mkono kwenda kuyatazama, nami nikiziba masikio. Yaliundwa 34 mjini Manchester, miaka ya 1955 na 1956. Kila moja lilikuwa na uzito wa tani kama 250, nayo yakipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Yalipandisha mizigo kutoka bandarini kwetu hadi Nairobi. Kiwanda kilichoyaunda kilifungwa mwaka 1966. Leo moja, Mount Gelai, limo katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, na watoto hupanda juu yake kupiga picha. Picha si mbaya. Lakini yule aliyejua, kwa kusikiliza tu mlio, kwamba mvuke unavuja wapi, ujuzi wake tumemwachia nani?

Na kabla ya chuma kulikuwa na ubao. Mtepe wa visiwa vya Lamu haukupigwa msumari. Ulishonwa kwa kamba za kumbi na kupandishwa tanga la mkeka. Ulitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Watu walipotaka kuuona tena na kuujenga mwingine Zanzibar, ukawekwa katika jumba la Beit al-Ajaib, ilibidi watafute njia ya kazi katika mifano midogo na maandishi ya wageni. Wenye mikono walikuwa wamekwisha lala. Oman nao, walipounda jahazi la kushonwa kwa namna ya karne ya 9 na kulipeleka Singapore mwaka 2010, waliwaleta mafundi wa kushona kutoka Kerala, Bara Hindi. Huko mtoto alikuwa bado anakaa kando ya baba yake na kamba mkononi.

Basi kipimo changu ni hiki, na mwenye kujua zaidi anisahihishe. Fedha inayonunua chuma ili kiwekwe chini ya kufuli, apite jirani akitamani, hiyo iko karibu sana na israfu, hata kama ni ya halali. Fedha inayomweka fundi mzee na kijana kwenye benchi moja, mmoja akionyesha na mwingine akikosea na kurudia, hiyo si mchezo wa matajiri. Inanunua ilimu, na ilimu yenye kunufaisha ni miongoni mwa yale machache yanayomfuata mtu kaburini.

Kwetu hatuna haja ya kufufua ndege. Matondoni, kisiwani Lamu, mafundi wa majahazi bado wapo, lakini mbao ni ghali na boti za faiba zinakuja. Kijana anaona afadhali apande bodaboda, apate riziki yake ya leo, kuliko kukaa miaka kadhaa akijifunza kushika tezo na keekee. Simlaumu, tumbo halisubiri. Ninaowauliza ni wenye nacho miongoni mwetu. Babu zetu waliweka wakfu visima, minazi na nyumba, kwa manufaa ya watu. Je, hawezi mmoja wetu kuweka wakfu wa posho ya mwanafunzi mmoja kwa fundi mmoja, kwa miaka mitano? Gharama yake haifiki hata bei ya tairi la gari lile la Stuttgart.

Nilimrudia mzee na maneno haya. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Basi andika, wayasome." Nami nimeandika, na kwa kuwa mkono umezoea, nimefungia kwa ubeti:

Chuma kikivaa kutu, tupa yaweza kifuta,
Ujuzi wake ni mtu, akifa hutaupata,
Mfunze kijana wetu, kabla ya muda kupita,
Mali isofunza watu, mzigo wa kukokota.