Andikeni Jina la Dawa

Ndugu zangu wa Tanga,

Mjue nimekasirika. Shangazi kanitumia kwa WhatsApp picha ya vidonge vyeupe ndani ya kibahasha cha nailoni, juu kimeandikwa "1x2" kwa kalamu, basi. Anauliza ni dawa gani. Mimi niko Ohio! Kidonge cheupe cha duara chaweza kuwa cha presha, cha sukari, au Panadol tu. Aliyemuuzia anakaa mtaa wa pili, swali linaletwa ng'ambo.

Huku nasomea usaidizi wa mfamasia kwenye chuo cha jamii, jioni nikitoka kazini. Tunahesabu vidonge vitano vitano kwenye kisinia, tukivisogeza kwa kijiti bapa mpaka macho yanauma. Lakini chupa haimfikii mgonjwa bila karatasi iliyobandikwa: jina lake, jina la dawa na miligramu zake, daktari aliyeiandika, tarehe, na namna ya kumeza kwa sentensi kamili. Kuna hydralazine ya presha na hydroxyzine ya mwasho. Majina yanakaribiana mno, hivyo tunafundishwa kukuza herufi zinazoyatofautisha: hydrALAZINE, hydrOXYzine. Mtu alikaa akalifikiria jicho la muuzaji aliyechoka.

Sisi twaandika "1x3", kisha twamlaumu bibi akimeza vitatu kwa mpigo.

Msiniletee habari za umaskini. Kalamu si mnayo? Maduka ya dawa muhimu yalipoanza Ruvuma mwaka 2003, wauzaji walipelekwa mafunzoni, kwa hiyo hata elimu si jambo geni. Nataka kitu kimoja tu: kibahasha kiandikwe jina la mgonjwa, jina la dawa, inatibu nini, na "meza kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni". Kwa Kiswahili, maneno mazima. Muuzaji akinuna, msibanduke dirishani. Nyinyi mnaogombana na konda kwa chenji ya shilingi mia, mnashindwaje kudai mistari miwili ya wino? Na wasioona vizuri wasomewe pale pale, wairudie kwa mdomo wao kabla ya kuondoka.

Najua mtasema huyu kaenda kula mkate wa Wamarekani, sasa anatufundisha kumeza vidonge. Semeni. Mama anakunywa dawa ya presha kila siku na mimi sipo kumsomea. Niko huku najifunza kuwahesabia mama za watu. Ndiyo kazi itakayolipa, na hela ya matumizi ya Mama itatoka humo humo. Msiniulize narudi lini.

Mdogo wangu, wewe unayeuza dawa pale karibu na stendi, sihitaji majibu marefu. Anza na mteja wa kesho asubuhi, na usiniambie foleni ilikuwa kubwa.