Mpira ukitoboka, usikimbilie kriki

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumba,

Kobalti ya Kolwezi inaingia ndani ya batri za motokari nyingi za umeme zinazotembea Ulaya na China. Kesho motokari ya namna hiyo inaweza kusimama mbele ya mlango wako. Pengine utauliza: msaidizi wa munganga anatafuta nini katika mambo ya mipira? Jibu ni hili: mkono uliopondwa chini ya motokari haupelekwi kwa fundi. Unaletwa kwetu.

Motokari ya umeme haina mafuta na haina kelele, lakini mpira wake unatoboka sawa na mpira wowote. Tofauti ni mbili.

Ya kwanza: batri imelala chini ya sakafu, nayo ni nzito sana. Tesla Model 3 peke yake inapita kilo 1 600. Kriki ndogo inaweza kulemewa na kuanguka. Tena, ukiweka kriki chini ya batri utaponda sanduku lake, na batri iliyopondwa inaweza kuwaka moto, hata kisha masaa mengi. Pahali pa kuweka kriki pameonyeshwa katika kitabu cha motokari. Weka pale tu.

Ya pili: nyingi zinauzwa bila mpira wa akiba. Unapewa chupa ya dawa ya kuziba na pompi ndogo. Dawa hiyo inaziba tundu dogo la msumari, milimita 6 hivi, katika sehemu inayokanyaga njia. Mpira ukipasuka ubavuni, dawa haisaidii kitu.

Wauzaji wanasema mpira wa akiba unaongeza uzito na kula nafasi. Ni kweli. Lakini wao wanafikiri njia za lami, pahali fundi anafika upesi. Sisi tunajua mawe na mashimo ya njia zetu, na malori ya mzigo yanayopita usiku. Mawazo yangu ni wazi: motokari isiyo na mpira wa akiba, na kriki inayoweza uzito wake, isitoke mjini.

Mpira ukitoboka, fanya hivi:

Ondoka njiani, pahali pagumu na sawa. Zima motokari, kaza freni ya mkono, weka triangle mbali nyuma yako. Watoto washuke upande usio wa malori, wasimame mbali. Legeza buloni kabla ya kuinua. Zuia mipira mingine kwa mawe. Usiingize mkono wala kichwa chini. Nyaya za rangi ya machungwa usiziguse hata kidogo: zinabeba umeme unaoua.

Kama huwezi, usikubali kuvutwa kwa kamba. Mipira ikizunguka, moteri inaweza kutoa umeme na kuharibika. Tafuta lori la kuibeba mipira yote minne ikiwa juu.

Mama, kabla baba hajawasha motokari, muulize: mpira wa akiba uko wapi? Akikasirika, mwache akasirike. Hasira inapita saa ile ile. Kidole kilichokatika hakiote tena.