Chura Hana Bei

Wapo waungwana, tena waliosoma, wanaonicheka kila nimtajapo chura wa Kihansi. "Mwalimu," huniambia, "nchi inahitaji umeme, nawe unalilia vyura?" Nawajibu kwamba umeme nautaka kama wautakavyo wao. Ninachokikataa ni hesabu yao.

Kisa chenyewe ni hiki. Katika korongo la mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, maporomoko yalirusha manyunyu usiku na mchana. Ndani ya manyunyu hayo, katika eneo la hekta chache tu, aliishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu, azaaye watoto badala ya kutaga mayai. Kwingineko duniani hakuwapo. Wataalamu walimgundua mwaka 1996, ujenzi wa bwawa ukiwa umekwisha kuanza. Ilipofika mwaka 2000 maji yalikuwa yamegeuziwa mitamboni, na manyunyu yakakauka. Vyura karibu 500 walipelekwa Marekani kutunzwa, na mabomba ya kunyunyizia maji yakawekwa korongoni. Hata hivyo, mwaka 2003 waliobaki walikufa kwa wingi, na ugonjwa wa kuvu ulionekana miongoni mwao. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba ametoweka porini. Kazi ya kuwarudisha korongoni wazao wa wale waliohamishwa ilianza mwaka 2012.

Jamaa zangu huuliza: chura yule ana faida gani? Haliwi, hauziki, wala mtalii hapandi ndege kuja kumwona. Nasema swali hilo ndilo lililopotoka. Tumezoea kuutetea uhifadhi kwa lugha ya sokoni: tembo alindwe kwa kuwa analeta fedha za kigeni, msitu ulindwe kwa kuwa unatunza vyanzo vya maji. Hoja hizo ni za kweli, lakini ni msingi wa mchanga. Siku atakapokuja mnunuzi mwenye bei kubwa zaidi, tembo naye atakuwa chura.

Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu aishiye Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Ni sheria njema, wala siibezi. Lakini haki hiyo ni ya mtu. Jirani zetu wa Uganda wamethubutu zaidi: sheria yao ya mazingira ya mwaka 2019 inatamka kwamba maumbile yenyewe yana haki ya kuwapo na kuendelea kuwapo. Atasema mtu, chura atakwendaje mahakamani? Mtoto mchanga naye haijui njia ya mahakamani. Mlezi husema kwa niaba yake, na hakuna athubutuye kumwita mali.

Wala fikra hii hatukuiazima jana. Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitamka mjini Arusha kwamba wanyamapori wetu ni dhamana tuliyoipokea kwa ajili ya wajukuu zetu. Mwekewa amana haiuzi.

Nimelea walimu kwa miaka mingi, nami naijua kanuni isiyo na maadili nyuma yake: hufuatwa pale tu kiranja anapokuwapo. Uvuvi wa baruti ulipigwa marufuku, na kwa miongo kadhaa milipuko iliendelea kusikika pwani yetu. Sheria ilikuwapo kitabuni, moyoni haikuwamo.

Kwa hiyo nadai mambo mawili. Kwanza, sheria itamke waziwazi kwamba kiumbe kina haki ya kuwapo hata kama hakituingizii senti. Pili, atakaye kuanzisha mradi uwezao kukifuta kizazi kizima cha kiumbe, yeye ndiye athibitishe, kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, kwamba hakuna njia nyingine. Kihansi tulianza kujenga, kisha ndipo tukajua ni nani aliyekuwa akiishi pale. Huo si mpangilio wa watu waliokabidhiwa amana.