Gitaa la kanisani: fuata waya kabla ya kufungua pochi

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwenye gitaa la umeme la kusifu na kuabudu nakubaliana nao nusu tu. Jembe chagua, lakini kaone shamba kwanza.

Mwaka jana kijana mmoja wa timu yetu ya sifa alinunua gitaa la shilingi 60,000. Pesa hizo alizikusanya karibu mwaka mzima kwa kuendesha bodaboda. Gitaa lenyewe jekundu, linang'aa, mtindo wa Stratocaster. Jumapili ya kwanza akachomeka kebo kwenye kipedali cha kukwaruza sauti, kutoka hapo moja kwa moja hadi kwenye miksa, kwa sababu kanisa halina amplifaya ya gitaa. Lo! Ikatoka sauti ya nyuki waliochokozwa. Chini yake mngurumo, mmmmm, hata wakati wa maombi. Mzee mmoja akamnong'oneza fundi wa mitambo, fundi akashusha chaneli mpaka sufuri. Kijana akamaliza nyimbo nne akipiga gitaa ambalo hakuna aliyelisikia. Jumapili ya nne hakuja.

Watu wakasema aliuziwa gitaa bovu. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na programu ikikosea huwa sianzi kwa kulaumu kibodi. Nafuata data tangu inapoingia hadi inapotoka. Basi tufuate waya.

Mngurumo kwanza. Pikapu ya gitaa (si ile ya kubebea viazi!) ni sumaku iliyozungushiwa koili ya waya mwembamba. Uzi wa chuma ukitikisika, umeme kidogo unazaliwa kwenye koili. Shida ni kwamba koili ni antena pia, na stima yetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Taa, projekta na nyaya za jengo zote zinanguruma, na koili inazisikia. Stratocaster ya kawaida, tangu ilipotoka mwaka 1954, ina pikapu 3 za koili moja moja. Seth Lover, mhandisi wa Gibson, aliomba hataza ya dawa yake mwaka 1955: koili 2 zilizounganishwa kinyume, zenye sumaku zilizogeuzwa. Kelele ya stima inayoingia koili moja inafutwa na ile ya koili ya pili, huku sauti ya nyuzi ikijumlishwa. Hiyo ndiyo hambaka.

Na wale nyuki? Spika ya gitaa ya inchi 12 si kama spika nyingine. Ukipita hezi 5,000 hivi inaanza kunyamaza. Spika za kanisa zinapanda hadi karibu hezi 20,000, kwa hiyo mikwaruzo yote ambayo spika ya gitaa ingeimeza inawafikia waumini masikioni. Ukitoa kipedali, tatizo linageuka. Tundu la laini kwenye miksa lina ukinzani wa omu 10,000 hivi, wakati pikapu inataka karibu omu 1,000,000. Sauti inafifia kama iliyofunikwa blanketi.

Gitaa liwe la 60,000 au la 600,000, likipita njia hiyo litaaibika tu. Ndiyo maana nasema bajeti igawe nusu kwa nusu: nusu gitaa, nusu kisanduku cha efekti kinachoiga amplifaya pamoja na spika yake. Ndani yake ni programu. Kuna rekodi ya jinsi spika halisi inavyoitikia mlio mfupi sana, na kila sauti unayopiga inachujwa kwa rekodi hiyo.

Kisanduku hicho huja na mwangwi pia, na nyimbo nyingi za kuabudu za siku hizi zinaegemea mwangwi wa mtindo uliosambazwa na The Edge wa U2 tangu miaka ya 1980. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya 60,000 kwa mapigo ya wimbo kwa dakika, kisha chukua robo tatu. Wimbo wa mapigo 72 unakupa milisekunde 625. Hesabu hiyo haibadiliki kwa bei ya gitaa.

Sasa gitaa lenyewe. Ibada zetu nyingi huanza na sifa za mbio, mpaka sebene, kisha zinatulia kwenye kuabudu. Sebene inataka sauti safi na kali, kuabudu kunataka sauti nene na tulivu. Mimi ningechukua gitaa lenye hambaka upande wa daraja na pikapu 2 za koili moja. Mwili uwe mbao nzima, kwa sababu gitaa lenye uwazi ndani hupiga mluzi upesi karibu na spika. Daraja liwe lisilosogea, ili nyuzi zisihame sauti katikati ya wimbo. Rangi iwe ya mwisho. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Na tafadhali, mngurumo ukizidi, msikate pini ya ardhi kwenye plagi. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na waya wa ardhi, na maikrofoni pia. Hitilafu ikitokea, njia ya stima ni mkono wako mpaka mdomo wako. Bora mngurumo kuliko mazishi.

Jambo la mwisho ni kwa kamati za kanisa. Tunachanga kununua spika, kinanda na ngoma, halafu mpiga gitaa tunamwambia ajitegemee. Gitaa ni la mpigaji, sawa, atalibeba nyumbani akafanye mazoezi. Lakini kisanduku kiwe mali ya kanisa, kikae kando ya miksa kama zinavyokaa maikrofoni. Hakuna mwimbaji anayeambiwa aje na maikrofoni yake.

Kijana wetu nilimfuata stendi. Nilimwazima kisanduku changu, tukajaribu Jumamosi jioni kanisani, gitaa jekundu lile lile, tukitumia pikapu mbili kwa pamoja kupunguza mngurumo. Fundi wa mitambo akauliza kama amenunua gitaa jipya.