Hisa za Safaricom: kampuni ni ileile, bei inakimbia

Wadau, vijana wengi huniuliza: "Hisa zikishuka, si kampuni inakufa?" Si lazima jamani. Tuchukue mfano wa Safaricom kule Kenya.

Mwaka 2008 serikali iliuza hisa bilioni 10, kila moja shilingi 5. Watu walipanga foleni, wengine wakakopa benki, maana kila mtu aliogopa jirani atajirike yeye akibaki. Maombi yalizidi hisa mara kadhaa, kwa hiyo wengi waligawiwa kidogo huku riba inahesabika. Juni 9 zilipoingia sokoni Nairobi, bei iliruka ikapita 7. Kabla mwaka haujaisha, ikawa chini ya 5.

Je, simu zilikatika? Faida iliisha? Wala! Msukosuko wa fedha duniani ulileta woga, na mwenye deni hana ubavu wa kusubiri. Anauza kwa hasara.

Wenye subira waliona mengine. M-Pesa, iliyoanza 2007, ilikuza faida, na Agosti 2021 hisa moja ilipita shilingi 40. Mwishoni mwa 2023 ikawa chini ya 15. Safari hii hofu ilikuwa na sababu pia: gharama za kuanza biashara Ethiopia zilikuwa zinakula faida.

Ndiyo maana nasema, bei ikishuka usikimbilie kuuza. Fungua kwanza hesabu za kampuni: imeshuka faida, au wameshuka moyo watu? Na hela ya mkopo usiiingize huko, itakunyima muda wa kusubiri jibu.

Mnasemaje wadau?