Mafundi, someni daftari la kompyuta kabla ya kuifuta

WAHENGA walisema kikulacho ki nguoni mwako. Leo nataka kuzungumza na mafundi wa kompyuta, na zaidi ya hao nataka kuzungumza na ninyi wenye kompyuta: mnaovuka Songwe na Kasumulu na mizigo, na mnaofunga virago kurudi Bujumbura, Uvira au Bukavu baada ya miaka mingi ya kambi.

Mimi ni fundi wa mitaani. Nilikuwa na meza yangu Lilongwe, sasa nipo Dzaleka. Msomaji atakumbuka kwamba Machi 2023 Serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini, na Mei mwaka huo polisi wakaanza kuwakusanya. Kambi hii, iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, ilipangwa kwa watu wapatao 10,000. Leo ina zaidi ya 50,000. Watu walirudi na walichoweza kubeba. Wengi walibeba kompyuta ndogo, kwa sababu ndani yake ndimo duka lote lilimobaki.

Mama mmoja, muuza vitenge, aliniletea yake. "Kaka, hii mashine ina pepo," akaniambia. Kila ikiwashwa, programu ya kukamata majasusi wa kompyuta inatoa onyo kwamba faili liitwalo hosts limebadilishwa. Anabonyeza irekebishe, inasema tayari. Kesho yake onyo ni lile lile. Programu hiyo yenyewe ilikuwa haijapata nyongeza mpya kwa miezi kadhaa. Fundi mmoja mjini alishampa jibu: alipe kwacha 25,000, kila kitu kifutwe na Windows iwekwe upya.

Nikamuuliza kuna nini ndani. Akahesabu kwa vidole: picha za vyeti vya kuzaliwa vya watoto wanne, karatasi za kesi yake ya ukimbizi, ankara za mizigo kutoka Kariakoo, na orodha ya wanaomdai na anaowadai. Nakala nyingine hana. Karatasi zenyewe zilipotea siku ya kuhama.

Ndugu zangu, hapo ndipo ninapogombana na wenzangu. Fundi anayekimbilia kufuta kabla ya kuangalia ni sawa na daktari anayekata mguu kwa sababu ya mwiba.

Hosts ni nini? Ni daftari la anwani. Ukiandika jina la tovuti, kompyuta inatafuta namba ya tovuti hiyo. Kabla ya kuuliza mtandaoni, inatazama kwanza daftari lake lenyewe. Ikikuta jina humo, haiulizi tena mtu mwingine. Ni mabaki ya zamani: kabla ya mfumo wa majina wa DNS kubuniwa mwaka 1983 na Paul Mockapetris, kompyuta zote za mtandao wa wakati ule zilitegemea orodha moja iliyotunzwa na taasisi ya utafiti ya Stanford, Marekani. Mtandao ulikua, orodha ikashindwa, lakini daftari lilibaki katika kila mashine.

Mfanyabiashara wa mpakani ataelewa haraka. Mtu akiingia kwenye daftari lako usiku, akafuta namba ya simu ya tajiri wako wa Dar es Salaam na kuandika ya kwake, wewe utapiga kwa imani, utaagiza, utatuma fedha. Simu haina kosa. Daftari ndilo limechezewa. Ujanja huu si wa jana: Januari 2004 kirusi Mydoom, katika aina yake ya pili, kiliandika kwenye hosts majina ya tovuti za kampuni za kukinga virusi ili kompyuta zilizougua zisifike huko kupata dawa.

Nilichofanya kwanza ni kunakili nyaraka zote za mama yule kwenye flashi. Kisha nikafungua Notepad kwa ruhusa ya msimamizi, nikafungua faili lililomo katika C:\Windows\System32\drivers\etc. Kwa Windows 10 na 11, faili safi huwa na mistari inayoanza na alama ya # tu, ambayo kompyuta huiruka. La mama huyu lilikuwa na maelfu ya mistari, nami nikaigawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza lilikuwa kubwa na halikuwa na ubaya. Liliandikwa na programu nyingine ya ulinzi aliyowekewa. Baadhi ya programu hizo, kama Spybot, huandika majina ya tovuti mbaya na kuyaelekeza 127.0.0.1, yaani kompyuta yenyewe, ili tovuti hizo zisifunguke. Mlinzi wa pili akiona mabadiliko hayo anapiga kelele. Fahali wawili hawakai zizi moja. Hata Microsoft waliingia humo: mwaka 2020 kinga ya Windows ilianza kuonya kwamba hosts imetekwa pale mwenye kompyuta alipoandika mwenyewe mistari ya kuzuia Windows kupeleka taarifa zake kwa kampuni hiyo. Kwa hiyo si kila onyo ni mwizi.

Fungu la pili lilikuwa na mistari kama kumi na miwili iliyozifunga tovuti za kampuni za kukinga virusi. Ndiyo maana mlinzi wake hakupata nyongeza kwa miezi.

Fungu la tatu lilikuwa mistari miwili tu, chini kabisa, baada ya nafasi tupu ndefu ili msomaji mvivu asifike. Ilipeleka jina la benki yake kwenye namba ya kigeni. Nilipomuuliza, akakumbuka kivinjari kilimwonya kwamba ukurasa si salama, kijana akamwambia aendelee tu. Alikuwa ameshaandika neno la siri. Tuliipigia benki saa ile ile kwa simu yake, akaunti ikafungwa hadi neno la siri lilipobadilishwa. Fedha zilikuwepo. Tuliwahi.

Baada ya kusafisha hosts na kuandika ipconfig /flushdns ili kompyuta isahau majibu ya zamani, sikuizima. Nilimpa mlinzi nyongeza zake kwanza, kisha nikamwambia apekue. Akamkamata mhalifu: programu ya kuvunja kufuli, iliyowekwa pamoja na programu za ofisi za wizi siku kompyuta iliponunuliwa. Ilijipangia kazi ya kuandika upya hosts kila mashine inapowashwa. Niliiondoa pamoja na kazi yake, nikaondoa mlinzi mmoja kati ya wawili, nikawasha upya, nikafungua hosts tena. Safi. Kazi yote ilichukua alasiri moja.

Najua wenzangu watasema kufuta ni haraka na ni uhakika. Nakubali kuna mashine zilizooza kiasi kwamba dawa ni hiyo. Lakini nakili kwanza nyaraka za mtu, na mweleze ilikuwaje. Tena ukimwekea upya Windows ile ile ya wizi, umemrudishia mwizi funguo, na mwezi ujao atakulipa tena. Je, hiyo ni kazi au ni mtego?

Nanyi wateja, msikubali kuambiwa "ina virusi" basi. Mkinunua kompyuta iliyotumika, muulize programu zake zimetoka wapi; zipo za ofisi za bure na halali, kama LibreOffice. Kivinjari kikionya, simameni. Mkilihariri hosts wenyewe, hakikisheni Notepad haikulihifadhi kama hosts.txt, kwa kuwa jina hilo kompyuta hailitambui. Na kama neno la siri limeshaandikwa pasipo salama, kusafisha faili hakutoshi. Libadilisheni kwa kifaa kingine.

Anayerudi nyumbani ataulizwa vyeti vya watoto wake, si aina ya kompyuta aliyobeba. Mama yule sasa ana flashi mbili: moja mkobani, nyingine kwa dada yake. Fanyeni hivyo kabla ya kumwita fundi yeyote, hata mimi.